Baba anamshukuru Mungu kwa hamu ya kula, nasi tunajua kilichomo kwenye uji

Mama Mshauri, habari za siku. Nakuandikia saa tano usiku, watu wote wamelala, kwa sababu mchana siwezi hata kulifikiria jambo hili Baba akiwa ananitazama.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu, tuko wanne. Nina miaka 41, naishi Umoja na mwanangu wa miaka sita pamoja na dada anayenisaidia kazi za nyumba. Baba ana miaka 72. Alifundisha shule ya sekondari kule Nyeri mpaka akastaafu, na ni mzee wa kanisa. Novemba mwaka jana alipatikana na saratani ya utumbo mpana. Akapasuliwa, kisha akaanzishiwa kemo kila baada ya wiki tatu. Tulimleta Nairobi akae kwangu kwa kuwa Mama alituacha miaka minne iliyopita, na nyumbani hakuna wa kumwangalia.

Baba yangu alikuwa mtu wa kula. Kemo ya pili ilipopita, chakula kikawa adui. Nilimpikia mukimo, supu ya mbuzi, kuku wa kienyeji niliyemwagiza kutoka nyumbani kwa matatu. Alizungusha kijiko sahanini, akameza mara mbili kunifurahisha, kisha akasema, "Asante mama, nimeshiba." Kutoka kilo 76 akashuka hadi 59. Mshipi wake ameutoboa matundu matatu mapya kwa msumari.

Mwezi wa Machi kitinda mimba wetu, ana miaka 28, alihamia kwangu baada ya kazi ya mjengo kuisha. Alisema atakuwa na Baba mchana mimi nikiwa kazini, na kweli amekuwa naye. Anamwosha miguu, anamtoa nje aote jua, wanasikiliza redio pamoja. Na Baba akaanza kula. Mwanzoni ni uji tu, baadaye akaomba chapati. Jioni moja nilirudi nikamkuta anafuta mchuzi wa ndengu kwa tonge la ugali hadi sahani ikabaki nyeupe. Niliingia bafuni nikalia.

Halafu Jumamosi moja nilikuwa natafuta nafasi ya maziwa kwenye friji. Nyuma ya sukuma wiki nikakuta chupa ya jemu imejaa kitu cha kijani, kama mafuta yaliyoganda. Nilipofungua kifuniko, harufu ile si ngeni kwa mtu anayeishi Nairobi. Nikamwita mdogo wangu. Hakunidanganya. Hununua bangi, huichemsha polepole ndani ya samli, huichuja kwa kitambaa, na kila saa kumi jioni hutia kijiko cha chai kwenye uji wa wimbi wa Baba. Alisema amesoma kwenye simu kwamba wagonjwa wa saratani Marekani hupewa. Akaniuliza, "Unataka ale, au unataka afe akiwa msafi?" Sikuwa na jibu. Hizo ni wiki tano zilizopita, na mpaka leo nimenyamaza.

Lazima umjue Baba. Alipokuwa naibu wa mwalimu mkuu aliwafukuzisha shule wanafunzi wawili kwa ajili ya bangi, na kisa hicho tumelishwa mezani utoto wetu wote. Ni mmoja tu ambaye hakumripoti, kijana yatima. Alimsindikiza kwa miguu mpaka kwa nyanya yake, na hajawahi kutuambia kwa nini.

Sasa ameomba nafasi kanisani atoe ushuhuda kwamba Mungu amemrudishia hamu ya kula. Amepangiwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Na wiki jana, saa mbili usiku, nilimkuta kwenye korido ameshika ukuta, akaniita kwa jina la Mama, akauliza chaki zimewekwa wapi. Asubuhi alinishika mkono akasema polepole, "Usiwaambie wenzako. Naona akili inaanza kunitoka."

Kliniki ya mwisho mizani ilisoma kilo 61. Daktari alifurahi, akauliza tumebadilisha nini. Mdogo wangu alinitazama. Nikasema, "Ni maombi, daktari."

Nikimwambia Baba ataacha kula, na huenda asikubali tena chochote kutoka mikononi mwetu. Nisipomwambia, nitaketi kanisani nimtazame akisema uongo asioujua. Ndugu zetu wengine wawili hawajui lolote. Nifanye nini, Mama?

Kifungua Mimba, Umoja

*

Binti yangu Kifungua Mimba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye sahani iliyobaki nyeupe. Marehemu mume wangu aliugua miezi kumi na mmoja. Najua uzito wa kijiko kinachorudi jikoni kikiwa bado kimejaa. Kwa hiyo usidhani nitakugombeza kwa kunyamaza wiki tano. Mtu aliyeona baba yake akikata tundu la tatu kwenye mshipi, kisha akamwona akiomba chapati, hana haraka ya kuuliza chapati imeletwa na nini.

Lakini kabla hatujaongea, amka ukaitoe ile chupa kwenye friji. Una mtoto wa miaka sita na hiyo ni chupa ya jemu. Mtoto akilamba samli ile anaweza kulala usingizi asioamshika, hata kupumua kukawa shida, na hapo ni kumkimbiza hospitali na kusema wazi alichokula. Iwekwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na dada wa kazi aambiwe ni kitu kisichoguswa. Mengine yanaweza kungoja kuche.

Sasa tukae. Umeniuliza kama umwambie Baba kuhusu bangi. Mimi katika barua yako naona mambo mawili zaidi yamejificha nyuma ya hilo: kama kweli ni bangi inayomlisha, na kilichompata usiku ule kwenye korido. Tusipoyatenganisha, utafanya uamuzi kwa kuogopa tu.

Mdogo wako hakuokota uvumi mtupu. Ndani ya bangi mna kiambata kiitwacho THC, ambacho wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitenga huko Israeli mwaka 1964. Mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana nacho kwa kazi yake, na mojawapo ya kazi hizo ni kutuambia tule. THC ikiingia, inakalia milango ileile ya ubongo. Uchunguzi kwa panya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba inawaongezea uwezo wa kunusa, na harufu ya chakula ikawavuta zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, nao kwa panya, waliona jambo la ajabu: seli za ubongo ambazo kwa kawaida hupiga kengele ya shibe zilianza kupiga kengele ya njaa. Na ni kweli kwamba Marekani iko dawa ya vidonge, dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara. Iliidhinishwa mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha kemo, na mwaka 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda kwa kukosa hamu ya kula.

Hapo ndipo simu ya mdogo wako ilipoishia, nami naomba tuendelee kidogo. Saratani haikondeshi mtu kwa kumnyima hamu peke yake. Mara nyingi mwili wenyewe unakuwa unachoma misuli, hata mtu akila. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 469 wa saratani, ukilinganisha dronabinol na dawa nyingine ya hamu ya kula iitwayo megestrol. Waliosema hamu yao imeongezeka walikuwa asilimia 49 kwa dronabinol, na asilimia 75 kwa megestrol. Walioongezeka uzito kwa kiasi cha maana walikuwa wachache kwa pande zote mbili. Sikuambii haya ili kuzifuta kilo mbili za Baba. Nakuambia ili ujue kwamba mlango wa bangi sio mlango pekee, tena huenda sio mpana kuliko mingine.

Na tena, binti yangu, una uhakika gani kwamba ni samli? Turudi kwenye barua yako. Kabla ya Machi, wewe ulikuwa kazini, mtoto shuleni, na mzee aliyezoea darasa la watu arobaini alikuwa anakaa sebuleni na dada wa watu anayemwonea haya. Akaletewa sahani, akala peke yake. Kisha akaja kijana anayemwosha miguu, anayemtoa juani, wanaobishana na redio. Wagonjwa wengi hula kwa sababu kuna mtu wa kula naye. Pia hamu huenda na kurudi ndani ya zile wiki tatu za kemo: siku za kwanza chakula kinanuka chuma, baadaye vidonda vya mdomo vinapona na ladha inarudi. Je, kuna siku kitinda mimba alikosa kutia kijiko na Baba akala vilevile? Muulize bila kumtega. Bangi huenda inasaidia, sikatai. Ila kuna jema jingine nyumbani mwako ambalo mmelisahau kwa sababu halina harufu.

Nije kwenye korido, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Bangi inayovutwa hupanda kwa dakika chache. Inayomezwa hupitia ini kwanza, na huko THC inageuzwa kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Huchukua kama nusu saa hadi saa mbili kuanza, na inaweza kukaa mwilini saa nane au zaidi. Kijiko cha saa kumi jioni kinaweza kabisa kuwa bado kinafanya kazi saa mbili usiku. Kwa mtu wa miaka 72 aliyekonda inaweza kumvuruga akili, kushusha presha anaposimama, kumwangusha. Mfupa wa nyonga ukivunjika wakati huu, hata kemo itasimama. Fikiria pia kipimo. Vidonge vile vya maabara huanzwa kwa miligramu 2.5 kabla ya chakula cha mchana na cha jioni. Kijiko cha mdogo wako kina ngapi? Hakuna anayejua, hata yeye. Bangi ya wiki hii si ya wiki ile, na samli ya juu ya chupa huenda si sawa na ya chini.

Lakini nisikimbilie kuilaumu samli kama mdogo wako alivyokimbilia kuisifu. Mzee wa saratani anaweza kuchanganyikiwa kwa homa ya maambukizi, kwa kukosa maji mwilini, kwa chumvi za damu kuvurugika, kwa dawa za maumivu, na hata kwa ugonjwa kusambaa. Kwa hiyo usiku ule haungoji uamuzi wenu kuhusu bangi. Daktari anapaswa kuusikia wiki hii, na akichanganyikiwa tena au akipata joto, ni leoleo. Daktari naye anafanya kazi gizani. Vipimo vya kemo hupangwa kwa uzito na urefu wa mgonjwa, na dawa nyingine hazipatani na kiambata hiki. Uliposema "ni maombi" hukumdanganya kwa ubaya, najua. Lakini akisikia habari za korido bila habari za chupa, huenda akamtuma Baba kwenye picha za kichwa za maelfu ya shilingi kutafuta kitu kilichoko kwenye friji yako.

Tuangalie basi njia zilizoko mbele yenu, maana hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Mnaweza kuendelea kimya. Baba anaendelea kula, labda. Lakini anaendelea pia kuamini kwamba anarukwa na akili, na amekuambia wewe peke yako, akakuomba uifiche hofu hiyo. Mwalimu, mtu aliyeishi kwa akili yake! Hilo nimeshindwa kulipita. Hamu ya kula mmempa, na hofu mmempa, na kwa vyote viwili hajui vimetoka wapi.

Mnaweza kuacha kimya: samli ikamwagwa, uji ukabaki uji. Njia hii inavutia kwa kuwa haina mazungumzo. Lakini mtu aliyeitumia kila siku kwa wiki kadhaa akiikatiza ghafla, hamu inaweza kushuka na usingizi kuharibika siku za mwanzo, mara nyingi kwa wiki moja hivi au mbili. Naye amekwisha kuahidi ushuhuda. Akiona sahani inamshinda tena wiki ileile ya kusimama mbele ya kanisa, atamuuliza Mungu amemkosea nini, nanyi mtakuwa mnasikiliza mkiwa na jibu mfukoni.

Mnaweza kuanza na daktari. Hapo mtapata vya kushika: dawa nzuri zaidi za kichefuchefu, dawa za hamu za muda mfupi, megestrol kama inamfaa, ingawa nayo ina hatari zake kama damu kuganda. Mtaalamu wa lishe atakuambia mambo madogo yenye nguvu: sahani ndogo mara sita badala ya mlima mara tatu, chakula kilichopoa ambacho hakinuki sana, chakula kikuu kiwe asubuhi mwili ukiwa na nguvu. Mwiba wake ni kwamba mgonjwa wa daktari ni Baba, sio wewe. Usitarajie atakubali kuwa mwenzenu wa siri. Kama unaogopa kuyasema haya kliniki watu wakiwa wamepanga foleni, Nairobi Hospice iko ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kenyatta tangu mwaka 1990. Kazi yao sio kusindikiza wanaokufa tu kama watu wanavyodhani. Wauguzi na washauri wao wamezoea kukaa na familia yenye neno gumu la kuambiana.

Au mwambieni Baba. Unaogopa atasusa kikombe, na hofu yako si ya bure. Mgonjwa akishaanza kukitilia shaka chakula, imani hiyo hurudi polepole sana. Lakini fikiria pia akigundua mwenyewe: afungue friji usiku kutafuta maziwa, anuse kile kifuniko. Harufu ile anaijua kuliko wewe.

Kuhusu ushuhuda, umeandika "uongo asioujua". Mimi sijui kama ni uongo. Mzee anayeshukuru kwa kuwa ameweza kula, na kwa kuwa mwanawe wa mwisho anamwosha miguu, ana mengi ya kushukuru ambayo ni kweli tupu. Ila maneno ni yake, na jina atakaloliweka madhabahuni ni lake. Angependa kuchagua maneno hayo akijua nini? Hilo wewe unalijua kuliko mimi, umemsikiliza mezani miaka 41.

Mdogo wako usimwache nyuma. Amefanya kitu cha hatari kwa upendo, na ukimjia kama askari atajifungia. Mwambie pia hili kwa upole: sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza kuwa na bangi, na samli iliyopikwa jikoni bila daktari haitaitwa dawa mbele ya polisi. Nyumba ni yako, na akikamatwa, nani ataota jua na Baba? Kama anavuta yeye mwenyewe, hukusema, sitabahatisha. Laini ya bure ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na wanaongea na jamaa vilevile. Ningependa, ikiwezekana, yeye awe chumbani siku Baba atakapoambiwa, na aseme kwa mdomo wake kwa nini alifanya hivyo. Kisa cha "mwanao amekutilia bangi" na kisa cha "Baba, niliogopa utakufa" ni kisa kimoja, lakini havisikiki sawa.

Na kuna jambo umeliandika haraka, kama mtu anayepita. Umesema Baba aliwafukuzisha wawili, ukaniambia nimjue kwa hilo. Kisha ukaniambia yuko wa tatu, yatima, ambaye hakumripoti, na kwamba kwa miaka yote hiyo hajasema kwa nini. Wewe umemchagua baba wa wale wawili na ndiye unayemwogopa. Huenda unaishi pia na baba wa yule wa tatu.

Jumapili hii, kabla ya yote, mkiwa mmetulia na chai, muulize habari za yule kijana. Ilikuwa saa ngapi walipoanza kutembea, nyanya alisema nini alipowaona mlangoni, na wao wawili waliongea nini njiani. Msikilize mpaka mwisho. Halafu niandikie.